Kitanda na Barua: Maradhi na Habari za Nyumbani katika Shajara za Mwisho za Livingstone

Mtoto wa shule katika Tanzania hufundishwa mapema kwamba Ujiji ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, tarehe 10 Novemba 1871, naye hukua akiikumbuka siku hiyo kwa salamu moja ya Kiingereza iliyokuwa maarufu kuliko watu wenyewe waliosalimiana. Salamu hiyo haimo katika shajara ya Livingstone. Katika daftari la Stanley, kurasa ambazo zingalitoa ushahidi wake zimechanwa. Aliyoyaandika Livingstone juu ya saa ile ni mambo mengine: Susi akija mbio kwa nguvu zake zote, akitoa habari kwa pumzi ya kukatika kwamba amemwona Mwingereza, kisha akageuka na kukimbia tena kumlaki mgeni. Mtu aliyeletewa habari hiyo alikuwa mzee wa miaka 58, meno yake mengi yametoka, mwili umebaki mifupa, na muda wa miaka miwili hajapata neno lolote kutoka kwao. Alikuwa akingoja vitu viwili, dawa na barua. Huo ndio mlango ambao kitabu chake cha mwisho chafaa kuingiliwa, ingawa wahakiki wengi wamependa kuingilia mlango wa mito.

Kitabu chenyewe, kinachoweza kuitwa kwa Kiswahili Shajara za Mwisho, kilichapwa London mwaka 1874 kwa juzuu mbili, kikiwa kimetengenezwa na Horace Waller, rafiki wa marehemu. Mwenye kukiandika alikuwa amekufa mwaka uliotangulia katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala, iliyo leo katika Zambia. Madaftari yake yalifika pwani pamoja na maiti yake, yakichukuliwa na Susi, Chuma na wenzao, mwendo mrefu uliokoma Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Kwa hiyo ni kitabu ambacho mwandishi hakukisoma kikiwa kitabu. Hakupata nafasi ya kuficha aibu zake wala ya kuzipamba. Aliyepamba ni Waller, na alama za mkono wake zitatajwa baadaye. Wasomaji wa zamani walikitafuta kwa ajili ya jiografia: chanzo cha Mto Nile, mto Lualaba, kama maji ya Tanganyika yatoka au yaingia. Maswali hayo yalikwisha jibiwa zamani, na majibu mengi ya Livingstone hayakuwa sahihi. Lau thamani ya kitabu ingalikuwa katika mito, kingalikuwa kimekufa. Hakikufa, kwa sababu chini ya mito mna jambo ambalo halichakai, nalo ni namna mtu aliyeingia katika uzee anavyouchukua mwili unaomvunjia ahadi, huku watoto wake wakikua mahali asipopaona.

Sehemu iliyo kiini cha kitabu kizima ni ile ya Januari 1869. Livingstone alikuwa njiani kutoka nchi za Kazembe kuja Ziwa Tanganyika, akikusudia kuvuka kwenda Ujiji. Siku ya kwanza ya mwaka aandika kwamba amelowa mvua mara zisizohesabika, lakini kulowa kwa jana kulipita kiasi. Baada ya hapo tarehe zapotea. Kichomi kimelishika pafu la kulia, akohoa usiku na mchana, makohozi yana rangi ya kutu na damu. Yeye ni tabibu, na kwa mistari michache autazama mwili wake kama tabibu amtazamavyo mgonjwa wa mtu mwingine. Kisha macho yaacha utabibu. Akitazama gome la mti aona limejaa sura na nyuso za watu. Ajiona mwenyewe amelala maiti katika njia ya Ujiji, na barua zote anazozitumaini huko zimekuwa hazina faida. Awafikiri watoto wake na rafiki zake, na mistari ya shairi yamlia kichwani bila kukoma.

Yafaa msomaji asimame hapa. Mtu anayedhani yu karibu kufa angeweza kuogopa mambo mengi: hukumu, maumivu, kazi isiyokwisha. Linalomtisha huyu ni barua zitakazobaki bila msomaji. Kifo hakimjii kama mwisho wa pumzi, bali kama mwisho wa kupata habari za watoto. Waswahili husema barua ni nusu ya kuonana. Katika njozi ile ya homa nusu ya pili imekatwa, na nusu ya kwanza imelala Ujiji ndani ya kifuko, ikimngojea asiyekuja. Waandishi wengi wa wasifu huyatenga mambo haya mawili, maradhi katika sura moja na jamaa katika sura nyingine. Livingstone hakuwa na nafasi ya kutenga. Dawa na barua zilitoka pwani katika msafara mmoja, zikachelewa kwa sababu zile zile, zikaibwa na mikono ile ile, na kwa hiyo katika maandishi yake zimekuwa kitu kimoja. Umbo hili la kitabu halikutokana na ufundi wa mwandishi. Lilitokana na njia ya misafara, nalo linaeleza ukweli wa uzee kuliko ufundi mwingi.

Alifikaje ziwani? Alichukuliwa. Mohamad Bogharib, ndivyo Livingstone anavyoliandika jina la mfanya biashara huyo wa pembe na watumwa, alijitolea kumchukua, na kabla ya hapo alipatikana mtu wa kumuumika kifua kwa chuku. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuchukuliwa kwa sababu ya ugonjwa, naye hakosi kulisema hilo. Alichukuliwa mwendo wa saa nne kila siku. Neno alilolitumia kwa kile alicholazwa juu yake ni neno la Kiswahili, kitanda, ambalo aliliacha kama lilivyo na kuwaeleza wasomaji wake wa Uingereza maana yake. Kwa nini neno hilo? Lugha yake ilikuwa na maneno ya machela, na yeye aliyajua. Lakini kitanda ndilo neno alilolisikia kinywani mwa wale waliokuwa wakimnyanyua, na mgonjwa hushika lugha ya wanaomuuguza. Anaandika kwamba Bogharib alimtendea wema mwingi katika udhaifu ule, kwamba njiani kichwa hushuka na miguu hupanda, kisha kinyume chake, na kwamba jua la utosi humchoma mpaka ngozi hutoka malengelenge, naye hujikinga uso kwa kishungi cha majani. Hakuna malalamiko. Kishungi kile cha majani chasema habari za unyonge wake vizuri kuliko kurasa kumi za kulia.

Tarehe 14 Machi 1869 alifika Ujiji. Mali yake iliyotangulizwa huko ilikuwa imeliwa: kati ya majora 80 ya nguo 62 yameibwa. Dawa hazipo, zimeachwa Unyanyembe, mwendo wa siku 13 upande wa mashariki. Maziwa hayapatikani. Neno hili la maziwa ni dogo, lakini msomaji aliweke akilini, maana litarudi. Alipata chai, na nguo ya flana ya kuvaa mwilini, navyo vilimsaidia. Hapo akakaa akaandika barua nyingi, na taabu yake kubwa ikawa kumpata mtu wa kuzichukua, kwa kuwa wenyeji wa mji waliohusika na biashara ya watumwa hawakupenda habari zao zifike pwani. Nyingi katika barua hizo hazikufika.

Umri wa Livingstone wakati huo haukuwa mkubwa sana kwa hesabu ya miaka, lakini uzee hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Mkewe Mary alikuwa amekufa Shupanga, katika bonde la Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862. Robert, mwanawe wa kwanza, alikufa Marekani mwaka 1864, mfungwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mama yake alikufa mwaka 1865. Binti yake mdogo, Anna Mary, alizaliwa mwaka 1858, na baba hakumtia machoni mpaka mwaka 1864. Huyu ni mtu ambaye mambo yote makubwa ya nyumba yake, kuzaliwa, kukua na kufa, yalitokea akiwa safarini au yalimfikia yakiwa yamepoa. Wapo wanaosema kwamba alijitakia. Hukumu hiyo ni ya haki kwa kiasi fulani. Wala shajara haikatai, ijapokuwa haitamki.

Njia zake za kustahimili ni za kuchunguzwa moja moja, kwa kuwa hazina uzito sawa. Ya kwanza ni kuhesabu. Siku ya kuzaliwa kwake, 19 Machi, na siku ya mwaka mpya huandikwa kwa dua fupi, na dua hizo zafanana sana. Mhakiki mkali angesema zachosha. Lakini mtu anayekosea tarehe kwa sababu ya homa, asiye na mtu wa kumkumbusha sikukuu yake, ana haki ya kujikumbusha mwenyewe, na ni afadhali dua yenye kurudiwa kuliko kimya. Ya pili ni kuutendea mwili kama kitu cha kuangaliwa. Mwaka 1870, katika nchi ya Manyema, alikaa Bambarre siku 80 asiweze kutembea kwa sababu ya donda ndugu katika miguu yote miwili. Dawa iliyomfaa mwisho ni jiwe la kijani la shaba, malakiti, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kwa unyoya. Ameeleza jinsi donda linavyokula nyama na jinsi linavyowaua watumwa. Katika muda wote wa Manyema alisoma Biblia mara nne tangu mwanzo hata mwisho. Idadi hiyo yatosha kueleza urefu wa kungoja kwake.

Njia ya tatu ni mzaha, nao hupatikana zaidi katika barua kuliko katika shajara. Akimwandikia binti yake Agnes juu ya meno yaliyotoka, ameigeuza sura yake ya kizee kuwa kichekesho, asije binti akashtuka siku ya kuonana. Hii ndiyo njia bora kuliko zote mbili za kwanza, kwa sababu yamfikiria anayesoma. Mzazi anayeugua huwa na kazi mbili, kuugua na kumtuliza mwanawe, na kazi ya pili mara nyingi ni ngumu zaidi. Mzee wa Kibirizi au wa Mwanga anayepigiwa simu na mwanawe aliye Dar es Salaam, akajibu kwa kicheko kwamba magoti tu ndiyo yamekuwa ya mkopo, yu katika kazi ile ile. Simu imefupisha njia, haikuifuta kazi yenyewe. Dawa ya shinikizo la damu bado hungojwa, na habari za harusi ya mjukuu bado hufika kwa wengine kama picha tu.

Katika fasihi ya Kiswahili jambo hili la mgonjwa kumwandikia mwanawe lina mfano mkubwa, tena ulioandikwa karibu na miaka hiyo hiyo. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Mataka wa Siu, alitunga utendi wake kwa ajili ya binti yake yapata mwaka 1858, naye alikuwa mgonjwa muda wa mwaka. Amwita binti aje karibu na wino na karatasi, apate kumpa hati ya wosia juu ya dini, mume na nyumba. Mama huyu hakungoja barua. Binti yupo chumbani. Maradhi kwake ni sababu ya kusema sasa lisemwalo baadaye, na ndoa ya binti, ambayo yumkini hataiona ikikomaa, yaletwa ndani ya utendi na kukamilishwa kwa maneno. Shaaban Robert naye, katika tenzi zake kwa Mwanjaa na Hussein, amefuata njia hiyo ya wosia, na yeye alikuwa mtu aliyefiwa na mke na kulea watoto.

Ukilinganisha maandishi haya na ya Livingstone, tofauti kubwa si dini wala taifa. Ni mwelekeo wa sauti. Katika wosia sauti hushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwana, na mwana husikiliza. Sauti ya binti wa Mwana Kupona haisikiki hata mara moja, na wala utendi hauna haja nayo. Katika Shajara za Mwisho sauti hupanda. Kati ya barua zilizofika kwa mkono wa Stanley mlikuwa na za Agnes, na Livingstone ameyaingiza maneno yake katika shajara: kwamba ajapotamani sana baba arudi, apenda zaidi aimalize kazi yake kwa namna itakayomridhisha mwenyewe, kuliko arudi kwa kumfurahisha yeye tu. Baba asifu maneno hayo kwa upole mwingi, halafu akiri kwa kicheko kwamba majivuno yamnong'oneza kuwa msichana huyu amemrithi babaye. Mtoto ndiye anayetoa ruhusa. Katika nyumba nyingi siku hiyo hufika bila kutangazwa, siku ambayo mzazi huanza kutafuta idhini kwa aliyemlea, na ni vitabu vichache vilivyoikamata. Kwa bahati mbaya idhini yenyewe ilikuwa ya hatari. Mwenye kuitoa hakuyajua makohozi yale ya damu, na mwenye kuipokea alikuwa ameifanyia mzaha hali yake kwa ustadi mno. Lau angalimwandikia Agnes mambo ya Januari 1869 kama alivyoyaandika katika shajara, je, binti angalimwambia abaki? Hapa mzaha unaosifiwa katika barua zake waonyesha gharama yake.

Lakini kabla ya Stanley kuna Oktoba. Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema tarehe 23 Oktoba 1871 kwa hesabu yake, amechoka na amehuzunika, maana mwezi wa Julai huko Nyangwe alikuwa ameona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni kwa bunduki, wanawake wakifa mtoni. Alitumaini mali mpya. Aliyekabidhiwa mali hiyo, Sherifu, alikuwa ameiuza yote. Sababu aliyoitoa ni kwamba alitazamia katika Kurani akaona Livingstone amekwisha kufa. Msomaji wa Kiswahili aelewa mara moja ubaya wa jambo hili, pengine kuliko msomaji wa Ulaya aliyelichukua kuwa kioja. Mgeni alirithiwa yu hai. Mzee aliyekuwa akiogopa kufa na barua zisisomwe akuta wengine wamekwisha mhesabu katika wafu, na urithi umegawanywa. Ameyaandika hayo bila kelele, akijifananisha na msafiri wa Injili aliyeangukia wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Na katika mji ule ule mtu mwingine, Syed bin Majid, alijitolea kuuza pembe zake ampe mali. Livingstone alikataa kwa wakati ule. Ujiji katika kitabu hiki si mji wa wema wala wa waovu. Ni mji wa watu.

Stanley alipofika na kifuko cha barua, kwa masimulizi yake mwenyewe, mzee alikiweka magotini, akasoma barua moja mbili za watoto, akataka kwanza kusikia habari za dunia, akisema kwamba aliyengoja barua miaka aweza kungoja saa chache zaidi. Stanley hupenda kutia chumvi, na yafaa kumsoma kwa tahadhari, lakini jambo hili lalingana na tabia ya shajara. Shajara yenyewe yaongeza neno ambalo hakuna mwandishi wa tamthilia angelitunga: hamu ya chakula ilirudi. Badala ya milo miwili haba akala mara nne kwa siku, na baada ya juma moja akaanza kusikia nguvu. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Huyu hakuulizwa, aliletewa habari, akaomba chakula mwenyewe. Umoja wa dawa na barua ulioanza kama njozi ya homa mwaka 1869 hapa umethibitika mwilini.

Yapo makosa katika kitabu, na kosa kubwa si la jiografia. Jamaa anaowaandika Livingstone ni wa mbali, na wa karibu hawajapewa jina la jamaa. Bogharib alimuuguza, akamlisha mara nyingi huko Manyema. Susi na Chuma walikuwa naye miaka na miaka. Huyu mtu aliyekuwa na macho ya kuona unyoya na malakiti hakuona, au hakusema, kwamba nyumba yake ya uzeeni ilikuwa ile. Kwa Bogharib ugumu waeleweka. Alikuwa akifanya biashara ambayo Livingstone aliichukia kuliko kitu chochote duniani, na mgonjwa alibebwa kitandani katika msafara ulioishi kwa biashara hiyo. Yeye hakuificha shukrani yake ili kuilinda chuki, wala hakuipunguza chuki ili kulipa shukrani. Ameviacha vyote viwili wazi, bega kwa bega, visivyopatana, na kwa hilo shajara yazidi ushujaa wa vitabu vingi vya wapinga utumwa. Lakini kwa Susi na Chuma hakuna ugumu wa namna hiyo wa kumtetea. Watu waliokuja kuikausha maiti yake na kuichukua hadi pwani huonekana katika shajara kama watumishi wazuri, wakati mwingine watumishi wabaya, na basi.

Hapa ndipo mkono wa Waller wahusika. Baadhi ya maandishi ya mwaka 1871 Livingstone aliyaandika juu ya vipande vya magazeti ya zamani, kwa wino aliojitengenezea kwa matunda ya porini, kwa kuwa karatasi na wino vilikuwa vimekwisha. Wino ulififia mpaka ukawa hausomeki. Mwaka 2011 jopo la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilitoa maandishi hayo yakiwa yamesomwa upya kwa picha za miale ya mwanga wa namna mbalimbali. Ikadhihirika kwamba yaliyochapwa hayalingani barabara na yaliyoandikwa uwanjani, hasa katika habari za Nyangwe na mwenendo wa watu wa Livingstone mwenyewe. Mzee wa kurasa zilizofifia ana hasira na mashaka zaidi kuliko mzee wa mwaka 1874. Mhakiki asiyezitazama kurasa hizo atamsifu mtakatifu ambaye sehemu yake ilitengenezwa mezani London.

Tippu Tip, aliyekutana na Livingstone mwaka 1867 na kumsaidia, ameandika naye maisha yake, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, akiwa mzee Unguja. Heinrich Brode aliyachapa katika miaka ya 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akayafasiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwake Ujiji ni mahali pa ujana. Hapo ndipo baba yake, Muhammed bin Juma, alipotaka kumkabidhi mtu mwingine mali ya kuvuka ziwa, na kijana akakataa kuwa chini ya mtu huyo, hata baba akamwachia yeye. Ni tukio la nyumba, baba na mwana, na limesimuliwa vizuri kuliko vita vingi vya kitabu hicho. Lakini mwili hausemwi sana isipokuwa unapopigwa mishale, na uzee wa msimulizi haumo. Sefu, mwanawe, aliuawa katika vita na Wabelgiji mwaka 1893, baba akiwa amekwisha rudi pwani. Huzuni ya mzee huyo yatafutwa nje ya kitabu chake. Kwa hiyo, ajabu yake, anayetaka kusoma uzee ulioandikwa katika mwambao wa Tanganyika yampasa kuutafuta katika Kiingereza cha mgeni, ndani ya maneno machache ya Kiswahili aliyoyaacha bila kuyafasiri.

Livingstone aliondoka Ujiji tarehe 27 Desemba 1871, asirudi tena. Huko Unyanyembe, Juni 1872, alipata barua ya mwanawe Oswell iliyoandikwa Bagamoyo. Oswell alikuwa amekuja Afrika na msafara wa kumtafuta baba yake, na msafara ukavunjika baada ya kupata habari kwamba Stanley amekwisha kumwona. Baba na mwana walikuwa katika nchi moja, njia moja iliyojulikana kati yao, na hawakuonana. Shajara yasema kwamba barua ilimletea shukrani, na wasiwasi, na huzuni, kwa mstari mmoja tu. Agnes aliolewa mwaka 1875. Thomas alifariki mwaka 1876. Hayo hayakumfikia.

Mstari wa mwisho wa shajara ni wa tarehe 27 Aprili 1873, ambayo, ikiwa tarehe zake hazikukosea, ni siku ile ile aliyofariki Mary miaka kumi na mmoja kabla. Hamtaji. Asema kwamba amechoka kabisa na atabaki hapo apate nafuu, na kwamba ametuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa.